Je, Bambi ni filamu bora kweli, au tunaisifu kwa uzee wake?

Mama mmoja ameniandikia hivi: “Nimeangalia Bambi na wanangu wawili, mmoja ana miaka mitano na mwingine tisa. Mdogo alilia mama yake Bambi alipotoweka, na kwa siku mbili hakutaka kulala peke yake. Mkubwa alichoka mapema, akasema humu hamna kinachotokea. Mimi nilibaki katikati: picha zilinivutia, hadithi nikaiona nyepesi. Kila mahali naambiwa ni filamu kubwa. Nitajuaje kama katuni ya zamani ni nzuri kweli? Na je, niwaonyeshe tena?”

Dada yangu, nimelisoma swali lako mara mbili kwa sababu wanao wote wawili wamesema kweli. Aliyelia ameielewa filamu. Aliyechoka naye ameona jambo ambalo lipo: visa vya Bambi ni vichache mno. Kulungu anazaliwa, anakua, anampoteza mama, anapata mwenzi, msitu unaungua, anakuwa baba. Basi. Ukiipima kwa visa utaiona nyepesi, maana haikutengenezwa ibebwe na visa. Mimi naiona ni filamu bora kweli, na ubora wake uko katika yale ambayo watengenezaji waliamua kuyaacha nje. Udhaifu wake nao upo, na karibu wote unapatikana pale waliposhindwa kujizuia.

Tuumalize kwanza huo uzee. Filamu ilitoka Agosti 1942, katikati ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia. Masoko ya Ulaya yalikuwa yamefungwa, na mzunguko wa kwanza haukuirudishia studio ya Walt Disney gharama zake. Jarida la wawindaji la Marekani, Outdoor Life, lilikuja juu likisema filamu inawatukana wawindaji. Ilirudishwa kwenye majumba ya sinema mwaka 1947, na baada ya hapo tena na tena, na mwaka 2011 Maktaba ya Bunge la Marekani ikaiingiza kwenye orodha ya filamu za kuhifadhiwa kwa ajili ya taifa. Nakutajia haya ujue kwamba sifa zake hazikuanza siku ya kwanza. Zilikua kadiri watu walivyoirudia. Lakini heshima ya maktaba haikusaidii chochote ukiwa umekaa na mtoto anayepiga miayo. Utakachohitaji ni kujua pa kuangalia.

Hadithi yenyewe ilitoka kwenye kitabu cha Kijerumani cha mwaka 1923, kazi ya Felix Salten, mwandishi Myahudi aliyeishi Vienna. Hakikuwa kitabu cha watoto wadogo. Wanyama wake wanaishi na hofu, wengine wanauana, na wanazungumza waziwazi juu ya kifo. Wanazi walikipiga marufuku mwaka 1936, na Salten akamalizia maisha yake uhamishoni Uswisi, alikofariki mwaka 1945. Ndani ya kitabu hicho kuna sura moja ambamo majani mawili ya mwisho juu ya tawi yanazungumza. Yanaulizana kinachowapata wanaoanguka, na kama kuna lolote huko chini. Ni sura fupi, na kila nikiisoma nakabwa koo.

Sasa itafute sehemu hiyo kwenye filamu, mwishoni mwa majira ya kupukutika majani. Utaona tawi lenye majani mawili tu. Moja linaachia, la pili linalifuata, yote mawili yanashuka polepole kama yasiyotaka kufika. Hakuna neno linalosemwa. Ni sekunde chache, kisha baridi inaingia. Sura nzima ya maswali imebanwa ikawa majani mawili yanayoanguka, na mtu ambaye hajawahi kukishika kitabu kile anahisi vilevile kwamba kuna kitu kimeondoka na hakirudi. Aliyeamua kuyanyamazisha majani yale aliijua kazi yake. Ninapomfundisha mtu kutathmini filamu ya katuni, naanzia hapo: kabla hujauliza filamu inaonyesha nini, uliza ilikuwa na uwezo wa kuonyesha nini, ikajizuia.

Kujizuia huko kumeingia hadi kwenye rangi. Katika filamu yao ndefu ya kwanza, ile ya Snow White ya mwaka 1937, wachoraji wa studio walijaza mandhari kwa mambo madogo madogo: kila jani, kila kokoto, kila ufa wa gome la mti. Walipojaribu mtindo huohuo kwa Bambi, wanyama wakapotea. Mnyama wa rangi ya kahawia akisimama ndani ya msitu wa kahawia wenye majani maelfu, hutamwona. Aliyewatoa kwenye shida hiyo alikuwa na kazi ya chini kabisa studioni, ya kuchora michoro ya kujazia kati ya mkao mmoja na mwingine. Jina lake Tyrus Wong. Alizaliwa Guangdong, China, mwaka 1910, akafika Marekani akiwa mtoto. Alichora vipicha vidogo vya msitu kwa namna wachoraji wa kale wa China, wa enzi ya watawala wa Song, walivyochora milima yao: ukungu, mti mmoja au miwili, mwanga unaopenya, na nafasi kubwa iliyoachwa wazi. Vipicha hivyo vikawa dira ya filamu nzima.

Jaribu hili. Simamisha picha popote katika ile asubuhi ya mwanzo, kamera inapopenya msituni. Pale mnyama atakapotokea kuna majani machache yaliyochorwa kwa uwazi, unaweza hata kuyahesabu. Sogeza jicho kidogo pembeni: majani yamekuwa madoa. Sogeza tena: madoa yamekuwa rangi tupu, kijani kinachoelekea bluu. Huoni msitu uliochorwa nusu. Unaona msitu mzima, kwa sababu nusu iliyobaki unaichora mwenyewe kichwani. Nimewaonyesha wanafunzi picha hiyo miaka mingi, na kila mwaka kuna mmoja anayeapa kwamba ameona majani pale pembeni.

Mwendo wa kamera katika sehemu hiyo nao una siri yake. Mandhari imegawanywa kwenye vioo kadhaa vilivyopangwa kimoja juu ya kingine, vikiachiana nafasi, na kamera inatazama kutoka juu. Kila kioo husogezwa kwa kasi yake. Ndiyo maana miti ya karibu inapita haraka na ile ya mbali inajivuta, sawasawa na unavyoona ukitembea msituni. Leo kompyuta inafanya hivyo kwa muda mfupi. Wakati ule watu walisogeza vioo kidogo, wakapiga picha moja, wakasogeza tena, na sekunde moja ya filamu inahitaji picha 24.

Kuhusu Wong, liko jambo linaloniuma mpaka leo. Mwaka 1941 studio ilikumbwa na mgomo wa wafanyakazi. Yeye hakugoma, lakini baada ya mgomo akaachishwa kazi. Filamu ilipotoka, jina lake lilitajwa miongoni mwa wachoraji wa mandhari tu, kana kwamba sura nzima ya filamu haikutoka mkononi mwake. Heshima yake ilimfikia akiwa mzee sana. Alifariki mwaka 2016 akiwa na miaka 106. Ukiwaonyesha wanao filamu hii, watajie jina hilo.

Twende kwa wanyama. Studio iliagiza watoto wawili wa kulungu kutoka jimbo la Maine, wakalelewa pale huku wachoraji wakiwachora kila siku. Mwalimu wao wa maumbile ya wanyama, Rico Lebrun, alipata mzoga wa mtoto wa kulungu, akawa anauchambua hatua kwa hatua mbele yao, ngozi, kisha misuli, hadi mifupa. Inatisha kidogo kuisikia, lakini matokeo unayaona kwenye kila goti linalokunjwa. Pembe za kulungu dume ziliwashinda kabisa: kichwa kikigeuka kidogo tu, matawi yote ya pembe hubadilika kwa wakati mmoja, na mkono wa binadamu unapotea. Ikabidi wafinyange mfano wa pembe, waupige picha kutoka pande zote, kisha wafuatishe mistari yake.

Sehemu ya barafu ndiyo ningependa uiangalie na mkubwa wako, sauti ikiwa imezimwa. Aliyeichora zaidi ni Frank Thomas. Thumper, yule sungura, anateleza kwa raha. Bambi anaruka kumfuata na miguu yake minne inakwenda pande nne. Usiangalie uso wake. Angalia kiuno. Thumper anamnyanyua nyuma, mbele kunaporomoka. Anarekebisha mbele, nyuma kunaporomoka. Kila mara utaona uzito ukihama kutoka mguu huu kwenda ule kabla mguu haujateleza, na Bambi anachelewa kidogo kutambua kwamba anaanguka. Kuchelewa huko ndiko kunakotuchekesha. Ni karatasi na rangi, lakini unamwona mnyama mwenye kilo zake. Katika katuni yoyote, ya zamani au ya jana, mimi hupima hivi: je, kitu kikianguka, nilijua uzito wake kabla hakijafika chini? Katuni nyingi za leo, zenye manyoya yanayong'aa mpaka unywele mmoja mmoja, zinashindwa hapo.

Kwenye sauti, kujizuia kunazidi. Filamu ina urefu wa takriban dakika 70, na maneno yote yanayosemwa hukadiriwa kuwa chini ya elfu moja. Hakuna mnyama hata mmoja anayeimba. Nyimbo zote zinaimbwa na kwaya isiyoonekana. Chukua ile sehemu ya mvua. Tone la kwanza linaanguka na klarineti, ala ya kupuliza, inatoa noti moja. Tone la pili, noti nyingine. Matone yanaongezeka, ala zinaongezeka, kisha tufani inafika na sauti za kwaya zinageuka kuwa upepo wenyewe, zikipanda na kushuka bila neno lolote. Halafu yote yanarudi nyuma kama yalivyokuja, hadi tone moja na noti moja. Bambi humo hafanyi kitu zaidi ya kulala karibu na mama yake na kushtuka radi inapopiga. Mwanao akisema hapo “hamna kinachotokea,” mwombe afumbe macho asikilize tu. Nimewaona watoto wakali wa kuchoka wakinyamaza kabisa.

Msikilizishe na noti tatu nzito zinazorudiwa chini chini kila binadamu anapokaribia. Binadamu haonekani katika filamu nzima. Tunamjua kwa noti hizo, kwa kunguru wanaoruka, kwa mlio wa bunduki, kwa mbwa, na kwa moto wa kambi uliosahauliwa ukauteketeza msitu. Watengenezaji wangeweza kumchora mwindaji mwenye ndevu na macho mekundu, na watoto wangemchukia kisha wakamsahau. Hawakumchora, kwa hiyo hana sura ya kumwekea. Anaweza kuwa yeyote.

Sasa tufike pale mdogo wako alipolia. Baridi imekaribia kwisha, mama na mwana wamepata vijani vichache vilivyochomoza kwenye theluji. Wanakula. Noti tatu zinaanza. Mama ananyanyua kichwa, masikio yamesimama, halafu anamwambia mwanawe akimbilie kichakani, asigeuke nyuma. Tunakimbia pamoja na Bambi. Mlio wa mwisho wa bunduki unaposikika, mama hayumo kwenye picha. Bambi anafika kichakani akishangilia kwamba wamefika, kwa neno la wingi, na hapo ndipo anageuka. Theluji inaanza kuanguka kwa wingi, anamwita, anatembea katikati ya miti isiyo na rangi, mpaka baba yake anatokea na kumwambia kwamba mama hawezi kuwa naye tena. Hakuna damu wala mwili. Hakuna aliyetamka neno kifo. Mtoto wa miaka mitano anaweza kusimuliwa vifo kumi katika hadithi nyingine akalala usingizi, lakini hapa ameachiwa nafasi tupu mahali pa mama, na nafasi hiyo ameijaza na mama yake mwenyewe. Ndiyo maana hakutaka kulala peke yake. Mbinu ileile ya mandhari ya Wong, ile ya kuacha mtazamaji amalizie, hapa imeingia moyoni mwa mtoto.

Kuna sehemu nyingine ambayo kwangu inatisha zaidi, ingawa watu hawaitaji sana. Ndege watatu wamejificha nyasini, wawindaji wanakaribia. Mmoja anashindwa kuvumilia. Wenzake wanamsihi atulie, asiruke. Anasema hawezi tena, anaruka, mlio unasikika, na anaanguka mbele yetu. Hofu ndiyo iliyomuua kabla ya risasi. Ni sehemu fupi, lakini sijaona filamu ya watoto iliyoieleza hofu kwa ukweli kiasi hicho.

Nimesifu vya kutosha; kasoro zake nazo ni za kusemwa waziwazi. Kubwa kwangu inakuja sekunde chache tu baada ya kifo cha mama. Picha inafifia, na mara tunapokewa na ndege wa rangi nyingi na wimbo wa masika wenye furaha. Bambi ameshakuwa kijana. Mama yake hatajwi. Wengine huutetea mkato huo wakisema ndivyo msitu ulivyo, maisha yanaendelea. Siukubali utetezi huo. Filamu iliyotupa ukimya kwa majani mawili ilikuwa na uwezo wa kutupa ukimya kwa mama. Naona walimwogopa mtazamaji wao, wakamfuta machozi kabla hayajadondoka, na mtoto anabaki na huzuni isiyo na pa kwenda.

Ya pili inafuata hapohapo. Bundi anawaonya vijana watatu juu ya mapenzi, kisha kicheche, sungura na Bambi wananaswa mmoja baada ya mwingine na jike mwenye kope ndefu. Ni kichekesho kimoja kilichorudiwa mara tatu, na majike humo hawana kazi nyingine ila kunasa. Faline, kulungu jike anayekuja kuwa mwenzi wa Bambi, alikuwa mtoto mwenye utundu wake; akikua anakuwa wa kuokolewa tu. Ile ilikuwa mitazamo ya miaka ya 1940, sawa, lakini kuielewa hakutulazimishi kuipenda. Filamu inapata nafuu Bambi anapopigana na dume mwenzake gizani, rangi zikipungua hadi kubaki vivuli na mwanga mkali kwenye kingo za miili yao.

Kisha kuna uongo mmoja mkubwa, na huu ningempa mkubwa wako autafute mwenyewe. Bundi anaishi kwa amani na sungura na ndege wadogo. Katika msitu ule hakuna anayemla mwenzake. Ubaya wote unatoka nje, kwa binadamu na mbwa wake. Salten hakuandika hivyo. Studio iliyochambua misuli ya kulungu ili mguu uwe wa kweli, ilikwepa kuonyesha bundi hula nini. Muulize mtoto wa miaka tisa swali hilo moja, na utaona uchovu wake umeishia wapi.

Kabla ya kurudia, angalia mipangilio ya runinga yako. Picha ya filamu hii inakaribia mraba, kama filamu nyingi za wakati ule. Runinga pana ikiivuta ijae kioo chote, kulungu wananenepa na ile kazi ya magoti na viuno niliyokueleza inaharibika. Acha mistari myeusi pembeni ibaki.

Mdogo wako ningemsubirisha mwaka mmoja au miwili. Akiiomba mwenyewe kabla ya hapo, mkubalie, lakini kaa naye bega kwa bega, na baba yake Bambi anapomaliza kusema maneno yale theluji ikianguka, simamisha filamu kabla ndege wa masika hawajaanza. Mwambie mama yake Bambi amekufa, kwa neno hilohilo. Mwache aulize. Ukiona ametulia, endeleeni. Dakika ambazo filamu ilimnyima utakuwa umempa wewe.

Mkubwa muonyeshe hata wiki hii, bila mdogo, na si lazima iwe filamu nzima. Mwanzishie kwenye mvua, macho yakiwa yamefumbwa. Mpeleke kwenye majani mawili, kisha barafu bila sauti, kisha wale ndege watatu nyasini. Halafu mpe kidhibiti cha runinga achague mwenyewe pa kuendelea.